Kuwasha Seva ya Majaribio ya Barua Pepe: Machaguo ya Mstari wa Amri na Matumizi Yake

Seva ya majaribio ya barua pepe hupokea kila barua ambayo programu yako inaituma, ikaihifadhi au kuionyesha, bila kuifikisha kwa mtu yeyote. Kwa sababu hiyo, kila chaguo unaloliandika kwenye mstari wa amri linafaa kupimwa kwa maswali mawili: nani ataweza kuifikia seva hii, na je, kuna njia yoyote ambayo barua inaweza kutoka nje? Nitatumia zaidi Mailpit, kwa kuwa ni faili moja tu la kuendesha na lina ukurasa wa kusomea barua katika kivinjari, kisha nitaigusa aiosmtpd, seva nyingine ya aina hiyo, kwa wale wanaofanya kazi na lugha ya programu ya Python.

Ukiiwasha Mailpit kwa kuandika jina lake peke yake, itapokea barua kwenye poti (namba ya mlango ambao programu husikiliza) 1025 na kuonyesha ukurasa wake kwenye poti 8025. Poti ya kawaida ya SMTP, yaani itifaki ya kutumia barua pepe, ni 25, lakini katika mifumo ya jamii ya Unix poti zilizo chini ya 1024 kwa desturi huhitaji mamlaka ya msimamizi, na hakuna sababu ya kuipa programu ya majaribio mamlaka hayo. Jambo linalosahaulika ni kwamba, usipotaja anwani, Mailpit husikiliza kwenye anwani zote za kompyuta, hivyo mtu yeyote aliye kwenye mtandao mmoja nawe anaweza kufungua ukurasa huo na kusoma viungo vya kubadilishia nenosiri ambavyo programu yako imevituma. Kwa hiyo amri ninayoipendekeza iwe ya kwanza ni hii:

mailpit --smtp 127.0.0.1:1025 --listen 127.0.0.1:8025

Anwani 127.0.0.1 ni ya kompyuta yenyewe, na hakuna kompyuta nyingine inayoweza kuifikia seva kupitia hiyo. Anayetumia Docker, inayoendesha programu ndani ya kontena, yaani mazingira yaliyotengwa, azingatie kwamba ndani ya kontena anwani hiyo inamaanisha kontena lenyewe, kwa hiyo kizuizi huwekwa upande wa nje, wakati wa kufungua poti:

docker run -p 127.0.0.1:1025:1025 -p 127.0.0.1:8025:8025 axllent/mailpit

Kabla ya kuunganisha programu yako, ijaribu seva kwa curl, chombo cha mstari wa amri cha kutuma na kupokea data. Andika faili dogo liitwalo barua.txt lenye mistari ya From, To na Subject, kisha mstari mtupu, kisha maneno machache, halafu utume:

curl -v --url smtp://127.0.0.1:1025 --mail-from mtumaji@example.com --mail-rcpt mpokeaji@example.com --upload-file barua.txt

Chaguo -v litakuonyesha mazungumzo yote kati ya pande mbili, kuanzia salamu ya seva inayoanza na 220 hadi jibu la 250 barua inapopokelewa. Tumia example.com katika majaribio yote, kwani kikoa hicho kimetengwa rasmi kwa ajili ya mifano tangu waraka wa kanuni za intaneti RFC 2606 wa mwaka 1999. Hata seva ikikosewa kuwekwa siku moja, barua haitaangukia sanduku la mtu halisi.

Kuhusu uhifadhi maelezo ni mafupi. Usipotaja hifadhidata, barua hufutika seva inapozimwa. Ukiongeza --database na njia ya faili, zitabaki. Chaguo --max huweka idadi ya juu ya barua zinazotunzwa, ambayo kwa kawaida ni 500, na sifuri huondoa kikomo hicho. Kwa maoni yangu hifadhidata ya muda inafaa zaidi, kwa sababu barua za jana huchanganya majaribio ya leo.

Sehemu inayostahili uangalifu mkubwa zaidi ni uthibitishaji na usimbaji fiche, maana hapo ndipo programu inayofanya vizuri kwenye majaribio hushindwa ikifika kwenye seva halisi. Seva halisi karibu zote hudai jina na nenosiri, ilhali Mailpit iliyowashwa bila machaguo haidai chochote. Ili programu yako ipitie hatua hiyo, ongeza --smtp-auth-accept-any, ambalo hukubali jina na nenosiri lolote. Chaguo hilo halikubaliwi peke yake: ni lazima liambatane na cheti cha TLS (itifaki ya kusimba muunganisho), au na --smtp-auth-allow-insecure linaloruhusu nenosiri kupita bila kufichwa. Njia ya pili ni nyepesi na inatosha kwa siku za mwanzo, lakini usiishie hapo. Tengeneza cheti chako mwenyewe:

openssl req -x509 -newkey rsa:4096 -nodes -keyout ufunguo.pem -out cheti.pem -days 365 -subj "/CN=localhost"

Kisha uwashe seva hivi:

mailpit --smtp 127.0.0.1:1025 --listen 127.0.0.1:8025 --smtp-tls-cert cheti.pem --smtp-tls-key ufunguo.pem --smtp-require-starttls --smtp-auth-accept-any

Sasa programu inayojaribu kutuma bila kwanza kuomba STARTTLS, yaani amri ya kuugeuza muunganisho wa wazi uwe wa TLS, itakataliwa, jambo ambalo ni heri uligundue leo. Ikiwa seva yako halisi hutumia poti 465, ambako usimbaji huanza pale pale muunganisho unapofunguliwa, weka --smtp-require-tls mahali pa --smtp-require-starttls. Programu yako huenda ikakikataa cheti hiki kwa kuwa hakikutolewa na mamlaka inayotambulika. Kiongeze kwenye orodha ya vyeti inavyoviamini katika mazingira ya majaribio tu, wala usizime ukaguzi wa vyeti ndani ya msimbo, kwa sababu mstari wa namna hiyo husahaulika ukafika hadi kwa watumiaji.

Kuna chaguo moja la kuogopwa, nalo ni --smtp-relay-all. Likiunganishwa na faili la --smtp-relay-config, kila barua inayoingia hupelekwa kwa seva ya nje, na hapo seva ya majaribio imekuwa seva ya kweli. Kwa vile Mailpit husoma pia vigeu vya mazingira (thamani ambazo mfumo huzipa programu) vinavyoanza na MP_, chaguo hilo linaweza kuwa limewashwa bila wewe kuliandika, hasa kwenye kompyuta inayotumiwa na watu wengi. Hakikisha kwanza kwa amri hii:

env | grep '^MP_'

Kwa upande wa Python, maelekezo mengi ya zamani hutaja moduli ya smtpd, ambayo iliondolewa katika toleo la 3.12 la mwaka 2023. Badala yake sakinisha aiosmtpd kwa pip, kisakinishi cha Python, kisha uandike:

python3 -m aiosmtpd -n -l 127.0.0.1:8025 -s 10485760

Chaguo -n huizuia programu isijaribu kujigeuza kuwa mtumiaji nobody, akaunti yenye mamlaka madogo, hatua ambayo hushindwa usipokuwa msimamizi wa mfumo. Chaguo -l hutaja anwani na poti, na -s huweka ukubwa wa juu wa barua kwa baiti, hapa megabaiti 10. Barua huchapishwa moja kwa moja kwenye dirisha la amri. Tuma kiambatisho kinachozidi kikomo hicho uone programu yako inavyolipokea jibu la 552: ikiwa inairudia barua ile ile bila kikomo, umepata kosa la kurekebisha, kwani majibu yanayoanza na 5 ni ya kudumu na kurudia hakusaidii, tofauti na yale yanayoanza na 4, ambayo humtaka mtumaji ajaribu tena baadaye.