Gesi Inayokatika Katika Gari la Kuishi: Namna ya Kutafuta Chanzo

Hitilafu ya gesi inayokuja na kupotea inasumbua kuliko ile ya kudumu, kwa kuwa mara nyingi ukifika na spana mkononi unakuta jiko linawaka vizuri kabisa. Hapo wengi huamua kubadilisha kifaa kilichozima. Nami niliwahi kununua bodi mpya ya umeme ya friji inayotumia gesi na kuifunga kwa uangalifu mkubwa, lakini usiku uleule friji ikazima tena, kwa sababu ubovu ulikuwa kwenye regyuleta, yaani kifaa kinachopunguza presha ya gesi inayotoka mtungini. Tangu siku hiyo sifungui kifaa chochote kabla sijapima presha ya gesi.

Usalama kwanza. Propani ni nzito kuliko hewa kwa takriban mara moja na nusu, kwa hiyo inayovuja hutuama sakafuni na kwenye makabati ya chini, na hata ikifikia asilimia 2 tu ya hewa inaweza kulipuka. Ukisikia harufu yake, usiwashe wala kuzima swichi yoyote. Watoe watu wote, uache mlango wazi, kisha ufunge mtungi kutoka nje. Uchunguzi utafanyika baadaye, gari likishapata hewa ya kutosha.

Swali la kwanza ni hili: kinachozima ni kifaa kimoja au ni vyote? Jiko ni shahidi mzuri, kwa sababu kwa kawaida halihitaji umeme ili liendelee kuwaka. Ikiwa jiko liko imara huku hita ikizima, shuku betri kabla ya gesi: feni ya hita inapozunguka kwa unyonge, swichi inayosukumwa na upepo wake haiunganishi umeme, na gesi hairuhusiwi kupita. Pima volti kwenye nyaya za hita feni ikiwa inazunguka. Zikishuka chini ya 11 hivi, chaji betri kwanza. Ikiwa vifaa vyote vinazima kwa pamoja, angalia pia kama gari lako lina vali ya umeme inayotawaliwa na king'ora cha gesi, kwani king'ora kilichozeeka au kinachopata umeme hafifu kinaweza kuifunga bila kuwapo uvujaji wowote.

Kwenye mtungi, kosa la kawaida ni kufungua vali kwa haraka. Viunganishi vingi vya mtungi vina kizuizi kinachobana mkondo wa gesi kinapohisi kwamba inatoka kwa kasi isiyo ya kawaida, na kikishabana, miali hubaki midogo mno. Zima vifaa vyote, funga mtungi, subiri dakika chache, kisha ufungue polepole. Chunguza pia kilichomo ndani: propani huendelea kugeuka mvuke hadi nyuzi 42 za selsiasi chini ya sifuri, lakini butani hukoma karibu na sifuri, hivyo mtungi wenye butani nyingi unaweza kugoma alfajiri na kupona saa sita mchana. Mtungi uliojazwa kupita asilimia 80 nao unaweza kusukuma gesi ya majimaji hadi kwenye regyuleta.

Sasa tuje kwenye regyuleta, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayostahili muda mwingi zaidi. Tundu lake dogo la kupumulia linapaswa kutazama chini na kuwa safi. Likizibwa na tope au barafu, kiwambo cha ndani, yaani utando unaotawala presha, hakichezi inavyotakiwa. Kuipima hakuhitaji chombo cha ghali. Chukua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ufunge kwenye ubao kwa umbo la U wenye mikono ya sentimita 60 kila mmoja, utie maji hadi nusu, kisha uchomeke ncha moja kwenye nozeli ya jiko, yaani kipande chenye tundu dogo linalotoa gesi, baada ya kuondoa kichomeo. Fungua madirisha, usiwashe mwali wowote mwingine jikoni, na mkono wako usitoke kwenye kitasa cha jiko.

Washa hita na friji, kisha ufungue kitasa hicho taratibu na utazame tofauti ya kimo cha maji kati ya mikono miwili. Katika magari ya Amerika Kaskazini inapaswa kuwa karibu sentimita 28. Mengi ya Ulaya hutumia milibari 30, yaani kama sentimita 31, na kibandiko cha kifaa husika kitakuambia. Maji yakishuka sana kila hita inapowaka, regyuleta imechoka au mpira wake umeziba kwa mafuta mazito yanayojikusanya ndani. Ukizima vifaa vyote na maji yakaendelea kupanda kupita sentimita 35, regyuleta haifungi: ibadilishe, usijaribu kuirekebisha.

Ubao huohuo hugundua uvujaji. Funga mtungi, punguza gesi kwa kuwasha hita kidogo hadi maji yafikie sentimita 20, zima, na usubiri dakika 10. Yakishuka, paka povu la sabuni isiyo na amonia kwenye kila kiungo hadi uone mapovu yakivimba. Kamwe usitafute kwa kiberiti.

Presha ikiwa nzuri na kifaa kimoja bado kinazima, ndipo ukifungue. Buibui hupenda kutanda ndani ya mirija ya vichomeo, na kutu ya bomba la moshi la friji hudondokea kwenye mwali. Mwali mzuri ni wa buluu na hufunika ncha ya kihisi joto, kinachofunga gesi mwali ukizimika; ukiwa wa njano, hewa haitoshi, na hapo kuna hatari ya monoksidi ya kaboni. Nozeli usiichokoe kwa waya, kwa kuwa tundu litapanuka. Iloweke kwenye spiriti, kisha uiache ikauke kabisa. Ukishairudisha, paka povu tena kwenye kila kiungo ulichokilegeza kabla ya kuwasha.