Modeli ya kingatiba kwenye Excel: kuwapata wasiomeza kabisa

Ukifanya kazi ya kingatiba, yaani kugawia jamii nzima dawa za kuzuia ugonjwa, ya matende na mabusha huku Mtwara, namba 65 umeizoea: angalau asilimia 65 ya wakazi wote wameze dawa za Mectizan na albendazole kila mwaka, kwa awamu zisizopungua tano. Namba hiyo haisemi kama waliokosa mwaka huu ndio haohao wa mwaka jana. Modeli ndogo inaweza kusema.

Hatua ya 1. Chukua madaftari ya wagawa dawa wenyewe, siyo muhtasari uliokwisha jumlishwa. Kila mtu na mstari wake: A jina, B mtaa, C umri, D jinsi, E hadi I awamu tano. Aliyemeza 1, asiyemeza 0. Watoto wa chini ya miaka 5 wahamishie karatasi nyingine, na awamu ambayo mama alikuwa mjamzito iache wazi, hao hawakukataa. Kazi kubwa iko hapa. Mohamedi wa mwaka juzi mwaka huu kaandikwa Mudi, basi kaa na mgawa dawa mpitie kaya kwa kaya. Usiharakishe.

Hatua ya 2. Tuseme una watu 10,000 wanaoruhusiwa kumeza, na kila awamu 35 katika kila 100 wanakosa. Wakikosa kwa bahati tu, andika =10000*0.35^5. Utapata watu 53 hivi ambao hawajameza hata mara moja. Wakiwa ni walewale kila mwaka, ni 3,500. Ripoti zote mbili zitasoma asilimia 65 ya hao wanaoruhusiwa! Lakini dawa hizi huua hasa vitoto vya minyoo ya matende vilivyomo kwenye damu, na minyoo wazazi huishi miaka kadhaa. Hao 3,500 wanaweza kuendelea kuwaambukiza mbu, na mbu wakawaambukiza jirani zao.

Hatua ya 3. Safu ya J andika =SUM(E2:I2), uishushe hadi chini, kisha pembeni =COUNTIF(J:J,0). Jibu limekaa karibu na 53 au 3,500?

Hatua ya 4. Wapange wenye sifuri kwa mtaa na jinsi, kisha uwaulize walikuwa wapi. "Mzee wangu, siku za dawa ulikuwapo?" Mmoja alikuwa dago, kambi ya wavuvi, mwingine shambani kwenye korosho. Badilisha sifuri za wavuvi ziwe 1 uone jibu la COUNTIF linashuka kiasi gani. Likishuka sana, mgawa dawa apelekwe ufukweni jioni.

Hatua ya 5. Ficha awamu ya mwisho, ikadirie kwa zile nne, ulinganishe. Ikipishana mno, rudi kwenye majina.

Modeli haipimi damu. Watoto wa miaka 6 na 7 ndio hupimwa kujua kama maambukizi bado yapo, na mtaa wenye sifuri nyingi ndio wa kuuombea kipimo kwanza.