Jinsi ya Kuwatazama Ndege wa Ufukweni Mjini Cairns Ukiwa na Familia

Ukienda kuwatembelea ndugu walioko Cairns, kaskazini mwa jimbo la Queensland nchini Australia, huna haja ya kukodi mashua ili uwaone ndege wanaohama kutoka Siberia na Alaska, kwani hujilisha kwenye tope lililo mbele ya mji wenyewe, kando ya Esplanade, njia ya matembezi ya ufukweni.

Hatua ya kwanza ni msimu. Panga safari kati ya Septemba na Machi, kwa kuwa baada ya hapo wengi hurudi kaskazini kuzaliana.

Hatua ya pili ni maji, na hapa ndipo siku inapofaulu au kuharibika. Maji yakipwa sana, ndege hutawanyika mbali hata darubini isiwafikie vizuri. Yakijaa kabisa, hasa wakati wa bamvua, tope lote hufunikwa nao huruka kwenda kupumzika kwingine. Fika mapema, muda wa saa mbili hivi kabla ya maji kujaa, maana yanapopanda huwasogeza ndege hadi karibu na njia ya watembea kwa miguu. Fungua jedwali la maji la Idara ya Hali ya Hewa ya Australia, uchague siku ambayo maji yatajaa jioni, kwa sababu Esplanade inaelekea mashariki: alasiri jua huwa mgongoni mwako, ilhali asubuhi hukupiga machoni na ndege wote huonekana weusi.

Hatua ya tatu, wapange watu wako. Watoto waanzie kwenye bwawa la kuogelea la papo hapo Esplanade, ambalo halina kiingilio, na wazee wapewe kofia, maji ya kunywa na mahali pa kukaa. Mtu yeyote asishuke topeni, kwani mamba wa maji ya chumvi wapo katika eneo hilo.

Hatua ya nne, anza na ndege wakubwa. Mwari hata mtoto atamtambua. Kisha mtafute sululu wa mashariki (Numenius madagascariensis), ambaye mdomo wake uliopinda unaweza kuzidi sentimita 18. Mtazame bila haraka: huuzamisha mdomo wote topeni, huchomoa kaa, humtikisa mpaka miguu imtoke, ndipo humeza. Yule mdogo wake mwenye michirizi kichwani ni sululu yuleyule tunayemwona Mida na Lamu. Baada ya hao ndipo uwageukie vitwitwi, ndege wadogo wa ufukweni, ambao ni wagumu kuwatofautisha na wanahitaji subira.

Tafadhali usiwakaribie hata wakaruka, wala usiwaache watoto wawafukuze. Mafuta wanayoyajenga mwilini ndiyo akiba yao ya safari. Mwaka 2022, ndege mchanga wa aina ya Limosa lapponica, mmoja wa ndege wa ufukweni wanaohama, aliyefungwa kifaa cha satelaiti aliruka kutoka Alaska hadi Tasmania, takriban kilomita 13,560, kwa siku 11 bila kutua. Sululu wa mashariki naye ametangazwa nchini Australia kuwa katika hatari kubwa ya kutoweka, hasa kwa sababu matope ya Bahari ya Njano, kati ya China na Korea, anapopumzika njiani, yamefukiwa kwa ujenzi.

Mwisho, chunguza miguu. Ndege mwenye kibendera cha plastiki cha kijani alivishwa hapo Queensland. Andika herufi zilizomo, mguu uliovishwa, mahali na saa, kisha upeleke taarifa kwa Queensland Wader Study Group, kikundi kinachochunguza ndege wa ufukweni. Picha, hata isiyo safi sana, iambatanishwe.