Pikipiki Kuukuu na MOT ya Uingereza: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuipeleka

Mwenye pikipiki ya miaka ishirini au thelathini akikaribia tarehe ya MOT, yaani ukaguzi wa lazima wa kila mwaka wa usalama wa vyombo vya barabarani, hofu yake ya kwanza huwa injini. Asubuhi inatoa moshi, gia ya pili inakwaruza, mita ya kasi ilikufa zamani. Mkaguzi hana habari na hayo yote. Kwa pikipiki hakuna kipimo cha moshi, injini haifunguliwi, na mita ya kasi haimo katika anayoyakagua. Yeye anataka kujua kama chombo kinaonekana, kinasimama, kinakata kona bila kuyumba, na hakivujishi mafuta. Ndiyo maana pikipiki iliyotengenezwa 1995 na inayokwenda kazini kila siku hupita bila shida, wakati ya 2010 iliyolala chini ya turubai tangu Oktoba inarudishwa nyumbani na karatasi ya kufeli. Umri hauiharibu pikipiki kama kukaa kunavyoiharibu.

Kwa hiyo maandalizi yaanze mapema, na yaanzie kwenye kompyuta au simu. Serikali ya Uingereza inaweka historia ya MOT mtandaoni bure: ingiza namba ya pikipiki, utaona matokeo ya tangu 2005, kilomita au maili zilizoandikwa kila mara, na yale ambayo mkaguzi alionya tu bila kufelisha. Soma sana hayo maonyo. Kama mwaka jana aliandika kwamba tairi la nyuma linakaribia mwisho au cheni imechakaa, usitarajie kwamba mwaka huu yamejiponya. Angalia pia tarehe: ukipeleka ndani ya mwezi mmoja kasoro siku moja kabla ya cheti kuisha, tarehe yako ya mwaka ujao inabaki ileile. Ukifeli katika muda huo unakuwa bado na nafasi ya kutafuta vipuri, maana vipuri vya pikipiki za zamani havipatikani kila duka.

Taa ndizo zinazofelisha pikipiki nyingi, na hapo ndipo ningetumia nusu ya muda wangu. Ingia gereji jioni giza likianza, sogeza nyuma ya pikipiki karibu na ukuta, washa, kisha shika breki ya mkono. Ukuta uwe mwekundu zaidi. Achia, kanyaga breki ya mguu, uone tena. Pikipiki iliyoanza kutumika kuanzia tarehe 1 Aprili 1986 lazima taa ya breki iwake kwa breki zote mbili, na ile swichi ndogo ya plastiki iliyo chini ya pedali hufa kimyakimya kwa maji na chumvi inayomwagwa barabarani majira ya baridi. Indiketa moja ikiwaka haraka kuliko nyingine au ikififia, usikimbilie kubadili balbu. Fuata waya wa hasi mpaka unapofungwa kwenye fremu, fungua skrubu, piga msasa mpaka chuma king'ae, paka grisi kidogo, funga. Kwenye mashine ya zamani kazi hiyo ya dakika kumi inamaliza matatizo ambayo watu huyanunulia betri mpya. Taa kubwa nayo isielekee juu wala pembeni, kwa sababu inapimwa kwa kifaa. Na honi ilie, si kukohoa.

Breki hupimwa nguvu kulingana na uzito: mfumo mmoja ufikie asilimia 30 na wa pili angalau 25. Pikipiki iliyokaa huwa na pistoni za breki zilizoganda, kwa hiyo inua gurudumu na ulizungushe kwa mkono. Likigoma baada ya kuachia breki, kuna la kufungua. Kunja mabomba ya mpira ya breki kwa vidole na utazame kama ina nyufa.

Sasa shika gurudumu la mbele likiwa hewani, mtu mwingine akiishikilia pikipiki, vuta shokapu za mbele kuelekea kwako kisha uzisukume. Ukihisi kagongo kadogo kwenye shingo ya usukani, beringi zimelegea. Kisha geuza usukani polepole kutoka kulia hadi kushoto: ukinasa katikati kama unaingia kwenye kishimo, beringi zimekwisha na kukaza hakutasaidia. Mkaguzi hufanya hivyohivyo. Futa shokapu kwa kitambaa cheupe, bonyeza mara kadhaa, ufute tena. Pete ya mafuta kwenye bomba maana yake sili inavuja, na sili inayovuja sana ni kufeli.

Tairi la pikipiki yenye zaidi ya cc 50 liwe na kina cha milimita 1 katika robo tatu ya upana wa sehemu inayogusa barabara. Lakini tairi la pikipiki kuukuu mara nyingi lina kina cha kutosha na bado ni bovu. Tafuta ubavuni tarakimu nne: 1709 ni wiki ya 17 ya mwaka 2009. Umri peke yake haufelishi, ila tairi la aina hiyo likishapasuka mpaka nyuzi zikaonekana halina mjadala. Mimi ningelibadili hata kama mkaguzi angelipitisha.

Petroli usiisahau. Tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida Uingereza ni E10, yaani iliyochanganywa na ethanoli (aina ya alkoholi), na ethanoli hiyo haipatani na mipira ya karabureta za zamani, hivyo mafuta huweza kuvuja. Harufu ya mafuta gerejini ni dalili ya kufeli kabla hujafika. Cheni isilegee kupita kiasi, na ekzosi yenye maandishi kwamba si ya matumizi ya barabarani iondolewe kabla.

Mwenye mashine ya zaidi ya miaka 40 ambayo haijabadilishwa sana katika miaka 30 iliyopita anaruhusiwa, tangu Mei 2018, kutoipeleka kabisa. Huo ni msamaha wa cheti tu. Ukikamatwa ukiendesha chombo katika hali ya hatari unaweza kutozwa hadi pauni 2,500 na kupewa pointi tatu za adhabu kwenye leseni, cheti kiwe kilihitajika au la. Wengi wenye busara huipeleka hivyohivyo kwa hiari, na ada ya juu ya pikipiki isiyo na kigari cha pembeni ni pauni 29.65.

Cheti kikiwa kimeisha, unaweza kuiendesha tu kwenda kwenye ukaguzi uliokwisha kuwekewa miadi au kwenye matengenezo. Ikifeli kwa kasoro ya hatari, haitoki hapo ikiendeshwa. Kwa kasoro nyingine, ukiiacha palepale itengenezwe na kukaguliwa tena ndani ya siku kumi za kazi hulipi upya. Ukiiondoa na kuirudisha ndani ya muda huohuo, kwa kawaida ni nusu ya ada.