Namna ya Kuomba Ufadhili wa Utafiti kwa Mwandishi wa Habari Aliyeko Kigoma

Mwongozo huu ni kwa mwandishi wa habari aliyeko kazini, hasa ripota wa mkoani ambaye hulipwa kwa habari na hana wa kumwelekeza. Nimeomba mara mbili nikiwa Kigoma: mara ya kwanza nilikataliwa, mara ya pili niliitwa kwenye usaili na kupata nafasi. Kilichotofautisha maombi hayo mawili ni swali la utafiti, kwa hiyo hatua ya pili nitaikalia kuliko nyingine.

Hatua ya kwanza: chagua programu inayolingana na hali yako

Taasisi ya Reuters ya Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, hupokea waandishi wenye uzoefu usiopungua miaka 5, ambao hukaa huko wakifanya mradi walioueleza katika maombi. Programu ya waandishi ya Nieman, iliyoanzishwa mwaka 1938 katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, nayo hudai miaka 5 ya kazi, ila haimlazimishi mwombaji kuwa na shahada. Mfuko wa Dag Hammarskjöld ni wa waandishi wa nchi zinazoendelea, wenye umri wa miaka 25 hadi 35, na huwapeleka New York kuripoti Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa. Huo, kwa kweli, ni wa kuripoti zaidi kuliko kutafiti. Soma tangazo la mwaka unaoomba, kwa kuwa masharti hubadilika, na anayekudai ada ya usajili kwa njia ya simu mwache.

Hatua ya pili: tafuta swali, si mada

Andiko langu la kwanza lilihusu changamoto za uvuvi katika Ziwa Tanganyika. Maneno hayo angeweza kuyaandika mtu yeyote asiyewahi kukanyaga mwaloni, yaani ufukweni samaki wanaposhushwa, na nadhani waliolisoma waliliona hivyo.

Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi ziwani kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa makubaliano na nchi nyingine zinazolizunguka ziwa, yaani Burundi, Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Sisi tulitangaza kauli za viongozi, tukarekodi vipe, yaani vyombo vya uvuvi, vilivyopakiwa ufukweni, tukarudi studio. Baadaye, mama mmoja anayekausha dagaa Kibirizi, Kigoma, alinionyesha daftari lake la mikopo: ukurasa wa Mei ulijaa majina ya wateja na madeni yao, ukurasa wa Juni ulikuwa mweupe, na pembeni alikuwa ameandika kwa penseli kiasi alichokopa yeye mwenyewe ili alipe ada ya mtoto. Swali langu likatoka hapo: gharama ya kuufunga uvuvi ilibebwa na nani kati ya mwenye chombo, mvuvi wa kibarua na mwanamke mkaushaji, na kwa nini vyombo vya habari vya mkoa vilimsikiliza wa kwanza tu?

Swali la namna hiyo lina mipaka ya mahali na muda, linaweza kulinganishwa na upande wa Burundi, na linawagusa wanahabari wa nchi nyingine pia. Eleza sasa utalijibuje. Mimi nilitaja mahojiano, kumbukumbu za vipindi vyetu, na takwimu za samaki ambazo ningeziomba kwa maandishi chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayompa mwenye taarifa siku 30 za kujibu. Kwa sababu ya siku hizo, peleka barua ya kuomba takwimu kabla hujaanza kuandika andiko lenyewe.

Hatua ya tatu: kusanya sampuli za kazi

Sisi wa redio ndio huumia hapa. Kompyuta ya kituo nilichokuwa nikifanyia kazi ilifutwa yote bila mtu kuulizwa, na vipindi vyangu vya miaka miwili vikapotea. Tunza nakala zako mwenyewe. Chagua kazi chache, ziandike neno kwa neno, kisha uzitafsiri kwa Kiingereza cha kawaida. Usizipambe, maana kwenye usaili utasikika Kiingereza chako halisi.

Hatua ya nne: barua

Mwombe mdhamini anayeijua kazi yako kwa undani, hata kama hana cheo kikubwa, na umpe andiko lako alisome angalau wiki tatu kabla. Ruhusa ya mwajiri iombe kwa maandishi. Mhariri wangu wa wakati huo alinikubalia kwa mdomo, akaiahirisha sahihi hadi siku ya mwisho ikapita.

Hatua ya tano: tuma mapema

Saa sita usiku ya London wakati wa majira yao ya baridi ni saa tisa usiku kwetu, na muda huo bando likiisha au umeme ukikatika huna wa kumwamsha. Tuma siku mbili kabla, uhifadhi nakala ya kila ulichojaza, kisha uisome tena ukiitwa kwenye usaili. Mimi nilijiandaa kueleza nadharia na mbinu. Swali la kwanza nililoulizwa lilihusu ule ukurasa mweupe wa Juni.