Herufi LI Ubavuni mwa Gari: Kufunga Springla Kihalali Texas

Kukata nyasi za watu Texas hakuhitaji leseni ya jimbo. Kufunga springla, yaani mfumo wa mabomba wa kunyunyizia bustani maji, kunahitaji, na kuzitengeneza zikiharibika pia kunahitaji. Wengi wetu huingia kazi za bustani kwa mashine ya kukatia nyasi, kwa hiyo balaa huanza siku mteja aliyekuzoea anapokuambia, "Wewe mchapakazi, hebu niwekee na mfumo wa maji." Ukipiga hesabu unaona ni pesa ya miezi miwili ya kukata nyasi, unakubali.

Namjua kijana wa Bukavu anayeishi Fort Worth aliyekubali hivyo. Akapokea malipo ya awali, akanunua mabomba, akachimba mitaro siku mbili peke yake kwenye udongo mweusi wa huku, ambao ukikauka ni kama saruji. Siku ya tatu akatokea mkaguzi wa jiji. Aliuliza vitu vitatu: kibali, mchoro na namba ya leseni. Hakuwa na hata kimoja. Kazi ikasimamishwa, pesa ya mteja akairudisha, mabomba akabaki nayo gereji. Tangu siku hiyo kila ndugu anayeniambia anataka "kuingia springla" namkalisha chini kwanza.

Kazi hii iko chini ya tume ya mazingira ya jimbo, TCEQ. Wenye kazi wenyewe huziita kanuni zake "344", kwa namba ya sura yake. Usidhani zinamhusu anayechimba na kuunganisha bomba tu. Kuuza mfumo, kuuchora, kuufunga, kuurekebisha, kutoa ushauri kwa malipo, kuuunga na maji ya bomba: yote hayo yamo. Yasiyomo ni machache. Shamba la mazao halimo, wala mpira wa maji uliouchomeka kwenye koki ya nje. Mwenye nyumba anaweza kufunga mfumo nyumbani anapoishi bila leseni, lakini kibali cha jiji na kifaa cha kuzuia maji kurudi nyuma bado vinamhusu. Ruhusa hiyo ni ya nyumba yako. Usiivushe uzio ukaipeleka kwa shemeji.

Leseni zina ngazi mbili. Ya chini ni ya fundi, anayefanya kazi chini ya usimamizi wa mwenye leseni kamili. Fundi huyu anaweza kufunga mfumo na kuuunga na maji, ila hachori mfumo wala haingii mkataba na mteja kwa jina lake. Ya juu ndiyo leseni kamili, inayoandikwa LI, kifupi cha Licensed Irrigator. Unasoma kozi ya saa 40, unafanya mtihani unaotaka alama 70 kwa mia, na ada ya leseni ni dola 111 kwa miaka 3. Ushauri wangu, hasa kwa aliyefika karibuni kutoka kambi ya wakimbizi na Kiingereza bado kinamkwaza, ni kuanza na ngazi ya fundi kwenye kampuni inayofuata sheria. Utayajua maneno ya kazi kwa mikono kabla hujakutana nayo kwenye karatasi ya mtihani.

Na mtihani ule unataka hesabu. Chukua mfano. Mita ya nyumba inakupa galoni 12 kwa dakika, na kila kichwa cha springla kinakunywa galoni 3. Basi eneo moja, yaani vichwa vinavyofunguliwa pamoja na vali moja, linabeba vichwa 4. Ukiongeza viwili ili ubane gharama ya vali, vyote vitadhoofika, duara hazitafikiana, na kiangazi cha Julai utaona madoa ya nyasi zilizokauka katikati. Maji ndani ya bomba la PVC nayo yana mwendo wake: yasizidi futi 5 kwa sekunde. Kwa hiyo upana wa bomba unatokana na hesabu. Usichague bomba kwa kuwa ndilo lililokuwa na bei nafuu dukani.

Sasa nikae kidogo kwenye kile kifaa cha kuzuia maji kurudi nyuma, maana hapa ndipo leseni inapopata maana yake. Fikiria zimamoto wamefungua bomba lao mtaani. Presha kwenye bomba kuu inashuka ghafla. Bomba kuu sasa linavuta badala ya kusukuma, na vichwa vya springla vimelala kwenye nyasi zenye mbolea, dawa ya wadudu na kinyesi cha mbwa. Pasipo kizuizi, maji hayo yanaingia kwenye bomba la nyumba, na huenda yakamfikia jirani anayejaza chupa ya mtoto. Kwa hiyo kifaa kikishafungwa kinapimwa na mpimaji mwenye leseni yake, na ripoti inakwenda kwa shirika linalosambaza maji. Kama kiwanja kina septiki (tangi la majitaka), au mfumo unachanganya mbolea ndani ya maji, inatakiwa aina ya RP, ile inayomwaga maji nje yenyewe ikihisi hatari. Hiyo hukaa juu ya ardhi, inchi 12 au zaidi. Ifunike vizuri kabla ya baridi: wakati wa baridi kali ya Februari 2021 mabomba mengi sana yalipasuka Texas, na kifaa kilichosimama wazi kwenye upepo ndicho cha kwanza kuganda.

Kabla ya jembe kugusa udongo, piga 811 angalau saa 48 kabla, bila malipo, waje waonyeshe gesi na umeme vinapopita. Juu ya bomba pawe na inchi 6 za udongo uliochambuliwa, bila mawe. Kichwa kinachorusha maji kikae inchi 4 au zaidi kutoka kwenye njia ya miguu, na kisinyweshe saruji. Kile kipande chembamba cha nyasi kati ya barabara na njia ya miguu, kikiwa na upana chini ya inchi 48, hakiwekwi kichwa cha kurusha. Weka mipira ya matone. Unganisha PVC kwa kupaka kwanza dawa ya rangi (primer) kabla ya gundi, ili mkaguzi aione kwa macho. Usisahau kihisio cha mvua wala koki ya kufungia kati ya mita na kifaa cha kuzuia maji kurudi. Mchoro uwepo kazini muda wote, na wakati wote wa kufunga mwenye leseni au fundi wake awepo pale.

Hapo ndipo linapokuja la kuazimana namba. Yupo mtu atakayekuambia, "Tumia LI yangu, tugawane." Kataa. Anayekuazima hatakuwepo kazini, hajauona mchoro, na maji yakichafuka mtaani jina lililoko kwenye karatasi ni lake ila mikono iliyofunga ni yako. Wote wawili mtaitwa.

Ukishapata yako, iandike. Ubavuni mwa gari, pande zote mbili, herufi LI na namba, urefu usiopungua inchi 2, kwa rangi inayoonekana. Iweke pia kwenye tangazo, hata lile la kundi la WhatsApp la kanisani. Mkataba uwe wa maandishi, wenye jina lako, namba, anwani, simu, na maneno kwamba kazi hii inasimamiwa na TCEQ, pamoja na anwani ya tume. Dhamana nayo iandikwe. Siku ya kukabidhi, zunguka na mteja, washa eneo moja moja mbele yake, mpe mchoro na ratiba ya kumwagilia ya kila msimu, kisha bandika kwenye kidhibiti kibandiko chenye jina lako, namba ya leseni, simu na tarehe za dhamana. Nakala zako zitunze miaka 3.

Leseni yenyewe huisha baada ya miaka 3, na kuihuisha kunataka saa 24 za masomo kwa LI na 16 kwa fundi. Usingoje mwezi wa mwisho. Na ukihamia jimbo jingine, uliza upya: North Carolina, New Jersey na Louisiana zina leseni zao za kazi hii, na usidhani ya Texas itakufungulia mlango huko moja kwa moja.