Kuivika grafiti koti la kaboni kwa sukari

Kinadharia grafiti, ile ya upande hasi wa betri ya lithiamu, inabeba mAh 372 za chaji kwa gramu, na kuisaga zaidi hakuongezi kitu. Kinachoboreka ni uso wa chembe. Kwenye chaji ya kwanza elektroliti (majimaji ya betri) huvunjika juu ya uso huo na kujenga utando, na lithiamu iliyonaswa humo hairudi. Kingo za grafiti zikiwa wazi, hasara huongezeka. Koti la kaboni huzifunika, na huku Lubumbashi sukari ya dukani, ikigeuzwa kaboni tanurini, inatosha kuanzia.

1. Yeyusha gramu 2 za sukari katika mililita 30 za maji yaliyokenekwa, tia gramu 10 za grafiti. Itaelea tu, idondoshee alkoholi kidogo, izame. Koroga kwenye 80°C hadi iwe uji mzito, kisha ikaushe.

2. Jaza kibakuli cha alumina (kauri isiyoyeyuka kwa moto huo) nusu tu. Sukari ikipata joto hufura na kutoa povu jeusi, na kibakuli kilichojaa kitafurika ndani ya bomba la tanuri. Tanguliza nitrojeni, ndipo upandishe joto digrii 5 kwa dakika hadi 900°C. Ibaki hapo saa 2. Umeme ukikatika, na mjini kwetu hukatika, usifunge gesi wala kufungua tanuri: kaboni ya moto ikikutana na hewa huungua. Subiri ipoe chini ya 100°C.

3. Vunja mabonge kwa mchi, taratibu mno. Ukisaga kwa nguvu koti linabanduka, na kazi yote imekwenda bure.

4. Rojo: grafiti asilimia 95, kaboni nyeusi ya kupitisha umeme 1, CMC (selulosi ya kuzitisha rojo) 2, SBR (mpira wa kugandisha) 2. SBR iingie mwisho, kwa kukoroga polepole. Paka kwenye karatasi ya shaba (shaba tunaichimba hapahapa Katanga, lakini karatasi ya mikroni 10 tunaiagiza ng'ambo, na hilo linaniuma). Kausha kwa 60°C, halafu 110°C ndani ya vakyumu usiku kucha.

5. Siku hiyohiyo tengeneza elektrodi ya grafiti isiyovikwa, unene uleule. Bila hiyo huna cha kulinganisha. Funga seli ndani ya sanduku lililojaa gesi ya agoni, elektrodi ikitazamana na lithiamu tupu. LiPF6, chumvi ya elektroliti, ikigusa unyevu hutoa HF (floridi ya hidrojeni), sumu kali. Pima kwa C/20 (mkondo wa kujaza seli kwa saa 20), kati ya volti 0.01 na 1.5. Tazama karibu na volti 0.8: grafiti tupu huchelewa pale elektroliti ikivunjika, iliyovikwa inapaswa kupita upesi. Gawa uwezo uliotoka kwa ulioingia. Iliyovikwa ikiwa chini ya tupu, shuku sukari imezidi, maana kaboni yake ina vitobo vinavyomeza lithiamu. Rudia kwa gramu 1.